Shamba Lililopandwa Mwisho

Wapendwa, Jumapili iliyopita mmoja wenu alinishika mkono pale mlangoni. Alikuwa amesikiliza redio. "Mchungaji," akaniuliza, "hawa wa Ulaya wakiungana kweli, wakawa na sauti moja na jeshi moja, Marekani si itapungukiwa nguvu?" Sikumjibu siku ile. Leo namjibu kwa mfano.

Kulikuwa na mkulima mwenye maksai wanne walionona, na majirani watatu wenye maksai mmoja mmoja. Nanyi mnajua, maksai mmoja halimi. Nira inataka wawili. Basi kila mvua ya kwanza iliponyesha, majirani walibisha hodi kwake kuazima. Aliwaazima, na kila mwaka alinung'unika: "Jamani, nitawabeba mpaka lini? Unganisheni wanyama wenu!" Alisema kwa ukali, lakini moyoni aliipenda ile hodi. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Asipobishiwa hodi, nani angefika uani kwake?

Mwaka mmoja wakaungana kweli: wawili nirani, wa tatu akipumzika kwa zamu. Taabu haikuwa nira. Kila maksai alijua amri ya mmiliki wake tu. Mmoja akienda, mwenzake anasimama. Wakabishana, mwisho wakachagua mluzi mmoja ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Mwezi mzima kabla ya mvua ilikuwa miluzi tu.

Mkulima alisimama mpakani akicheka. "Shemeji, huo ni mfereji wa plau au nyoka amejilaza?"

"Cheka tu, shemeji!" akajibu mama mmoja wa wale majirani, mikono kwenye plau. "Nyoka naye hufika aendako."

Mifereji iliponyooka, kicheko kikamwisha. Asubuhi moja akamfuata jirani mwenye maksai mkubwa kuliko wote. "Wako ndiye anayevuta, wale wengine wanategea. Jitoe, nami nitakuazima wawili, wewe wa kwanza."

Jirani akajikuna shingo. "Kaka, si wewe uliyetuambia tuungane?"

"Nilisema muungane," mkulima akafoka. "Sikusema msije!"

Jirani akageuka, akamrudisha maksai wake nirani.

Mvua ikanyesha. Mkulima akaketi uani tangu alfajiri, sikio mlangoni. Kimya. Maksai wanne wanacheua, wanamtazama. Kwa kukosa la kufanya, akawafunga nira akaenda shambani kwake. Na mnajua, ndugu zangu? Ilikuwa mara ya kwanza kulima shamba lake kwa mvua ya kwanza! Miaka yote maksai walimrudia hoi, akapanda mwisho, akavuna mahindi membamba kama vidole.

Siku ya nne, plau ikiwa imefika katikati ya shamba, akasikia mluzi. Majirani wote watatu, na maksai wao.

"Mmekwama wapi?" akauliza haraka. "Mnataka wangapi?"

"Hatutaki hata mmoja," akasema yule mama. "Kwetu tumemaliza. Sisi tunashika upande huu, wewe ule. Chai iko kwenye chupa. Ila, shemeji, itabidi ujifunze mluzi wetu."

Mkulima akabana midomo, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu. Walicheka wote, na yeye akacheka kuliko wote.

Haya, niambieni: nguvu zake zilipungua? Maksai si bado wanne? Kilichopungua ni hodi za kuomba. Na yeye, maskini, alidhani hizo ndizo nguvu.

Nasi je? Tunamwombea ndugu yetu asimame, halafu akisimama tunanuna, kwa kuwa haegemei tena bega letu. Yuko mtu umezoea aje kwako akiomba. Siku akija haombi kitu, ana chupa ya chai tu mkononi, utamfungulia? Au utamuuliza amekwama wapi?

Wewe uliyenishika mkono mlangoni, jibu langu ni hilo. Mataifa makubwa siwezi kuyafundisha. Lakini sisi, kabla ya mvua ya kwanza, tuanze kujifunza mluzi.