Takia la Mfalme Chini ya Dari

Hapo zamani, katika nchi ya baridi iliyo mbali na kwetu, palikuwa na mfalme aitwaye Rodolfo, aliyependa sifa kuliko chakula. Akamwamuru fundi Ugo amjengee kanisa kuu, dari yake iwe ya matao ya mawe. Ugo akainua kuta nene na madirisha membamba, maana dari ya mawe ni mzigo. Mfalme akaja kutazama, akachukizwa na giza, akaamuru kuta zipunguzwe na madirisha yapanuliwe. Ugo akamsihi, akamwambia dari itaanguka, wala hakusikilizwa; kuta zikapunguzwa.

Basi ilikuwa ada ya nchi ile, siku ya kuondoa magogo yaliyoshikilia dari mpya, aliyejenga husimama chini yake. Siku hiyo mke wa Ugo alilia tangu alfajiri, masikini, na nani angemnyamazisha?

Palikuwa na fukara mmoja, Tibaldo, ambaye mji mzima ulimwita punguani. Alilala kando ya tanuri la chokaa apate joto, na Ugo ndiye aliyemlisha. Ikawa Ugo alipoletwa amefungwa, Tibaldo akajipenyeza kati ya askari, akafagia mahali chini ya dari, akatwaa takia la kiti cha enzi alichowekewa mfalme mlangoni, akalitandika mahali pale.

"Bwana wangu," akasema, "mahali pako pako tayari."

Mfalme akamwuliza ana wazimu gani.

"Mimi mjinga, bwana wangu, sijui kusoma. Lakini padri amenisomea maneno uliyoamuru yachongwe juu ya mlango: Kanisa hili amelijenga Mfalme Rodolfo, wala hakusaidiwa na mtu. Na ada yetu, aliyejenga ndiye asimamaye chini. Ikiwa jiwe lile limesema uongo, niamuru, nikamwite mchongaji alifute mbele ya watu hawa."

Mfalme akatazama dari, akatazama watu, akatazama takia. Jasho likamtoka katika baridi ile. Alipoona maji yamemfika shingoni akacheka, hana la kufanya, akaamuru Ugo afunguliwe, maneno yafutwe, na kuta zirudishiwe unene wake.

Kazi ilipokwisha, magogo yakaondolewa. Ugo akasimama chini kwa hiari yake, wala halikudondoka hata vumbi. Kando yake aliketi Tibaldo juu ya takia la enzi, ambalo hakuna aliyelidai tena. Mfalme naye alikuwa nje uwanjani, akiwaambia watu kwamba siku hizi anapenda hewa.