Kwa Nini Mbega Hana Vidole Gumba

Zamani zile, wanyama na watu walipokuwa bado wakiombana moto nyumba kwa nyumba, mbega alikuwa mweusi tii kuanzia utosini hadi ncha ya mkia. Aliishi ardhini kama sisi, akiwa na vidole gumba viwili vizuri kabisa, tena alikuwa msemaji. Jambo la neno moja yeye alilisema kwa maneno arobaini, kisha akauliza kama limeeleweka.

Kijijini kwao milimani hapakuwa na chumvi. Ililetwa mara moja kwa mwaka na watu wa nyikani, nao waliibadilisha kwa kitu kimoja tu: biri za Bibi Mboza. Bibi huyo alianika majani ya tumbaku darini, akayavundika mpaka yakageuka rangi, akayasokota kuwa misokoto minene kama kidole cha mguu, kisha akaufunga kila msokoto kwa uzi wa mgomba karibu na mwisho wake. Wageni hawakutoa chumvi kabla mwonjaji wa kijiji hajavuta biri moja mbele yao na kuwaeleza ladha yake. Mwaka ule mwonjaji alishikwa na mafua, hata kitunguu hakukisikia harufu.

"Mimi nitaonja," mbega akasema. Hakuwa amewahi kuvuta chochote maishani mwake.

Bibi Mboza alimtazama kwa mashaka, lakini wageni walikwisha kutua mizigo. Akamvuta pembeni. "Sikiliza, mjukuu wangu. Moshi usiumeze. Ukae nao mdomoni, uuonje, uutoe. Vuta polepole, kama mtu asiye na safari. Na moto ukikaribia uzi, weka chini. Hapo utamu umekwisha."

"Bibi, mimi wa kufundishwa hayo?"

Akaketi kwenye kigoda, akakunja nne, akawasha. Moshi wa kwanza ulimwasha ulimi, machozi yakamlengalenga. Akaona wageni wote wanamtazama yeye, na moyo wake ukajaa raha ambayo hakuwahi kuipata.

"Naonja asali," akasema. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. "Asali ya nyuki wadogo. Sasa naonja ngozi ya ng'ombe aliyelelewa kwa upendo. Na kwa mbali, kwa mbali sana, naonja udongo ambao tembo ameukanyaga akiwa hana haraka."

"Tembo dume au jike?" akauliza Mzee Mnkande, mkubwa wa wageni.

Mbega akavuta tena, akafumba macho. "Jike. Ana mtoto."

Wageni wakashangilia. Jivu likawa refu, mbega akakataa katakata kulikung'uta, akisema mwonjaji wa kweli jivu lake hukaa. Halikukaa. Lilimwangukia bega hili, kisha bega lile, likammwagikia kidevuni na mkiani. Akabaki ameketi vilevile, mweupe kama aliyetoka kwenye kinu cha unga, akieleza kwamba hayo ndiyo mavazi ya kazi.

Moto ukaukaribia uzi. Bibi Mboza akakohoa. Mbega alimsikia vizuri sana, lakini Mzee Mnkande alikuwa ndiyo kwanza anauliza habari za yule mtoto wa tembo, na nani angekatiza mazungumzo kama yale? Moto ukapita uzi. Kidole gumba cha kulia kikaanza kuungua. Akahamishia biri mkono wa kushoto, akiendelea kutabasamu.

"Weka chini!" Bibi Mboza akanong'ona.

"Bado... kuna... ladha moja," mbega akajibu, jasho likimtiririka. Kidole gumba cha kushoto nacho kikashika moto. Akafungua kinywa kupiga yowe, na badala yake akaumeza moshi wote.

Alisimama. Akataka kusema, koo halikutoa neno. Lilitoa ngurumo tu: "Rrrooo! Rrrooo!" Kisha akaruka juu ya mti mrefu kuliko yote pale uani, akapotelea kwenye majani.

Wageni wakainua vichwa kumtafuta. "Amesema nini?" akauliza Mzee Mnkande.

Bibi Mboza aliangalia magunia ya chumvi, akafikiria mboga za mwaka mzima. "Amesema," akajibu kwa utulivu, "kwamba mwaka huu tumbaku imezidi maneno."

Chumvi yote ikatolewa siku ileile, na nyongeza juu. Jioni Bibi alisimama chini ya mti na kibuyu cha maji pamoja na mafuta ya kupaka vidole. Akaita sana. Mbega alimwona, akatamani kushuka, lakini akitazama mikono yake aliona vidole gumba havipo tena, na aibu ikampandisha tawi moja zaidi.

Na tangu siku hiyo mbega hukaa juu miti inakofikia mawingu, jivu likiwa limemganda mabegani, kidevuni na mkiani, mikono yake ikiwa na vidole vinne vinne. Wavutaji wa biri wa milima ile huweka chini moto ukikaribia uzi, hata kama mazungumzo yamenoga. Na kila alfajiri mbega hunguruma msitu mzima ukamsikia. Wageni husema anatangaza mipaka yake. Wenyeji wanajua anaomba maji.