Bi Kanga Aliyeweka Sauti Yake Rehani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Mmeitikia kama watu wanaodaiwa. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sasa. Sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na wewe Baba Mwanakheri, usianze kusinzia kabla sijafika mahali pako. Utapajua mwenyewe.

Zamani hizo za kale, kale kwelikweli, mwezi ulikuwa bado unashuka bwawani kunywa maji. Na ukungu ulikuwa ukiingia bondeni asubuhi, unakaa kutwa, hauna haraka. Katika bonde hilo aliishi Bi Kanga. Yule ndege, mwenye madoa. Bi Kanga alikuwa na sauti. Sauti, jamani! Akiita "Kwechekwe! Kwechekwe!" ukungu wenyewe unapasuka, bonde zima linajua Mwewe yuko juu. Panya shimoni, kware majanini, kila mtu anajificha. Wakampenda sana kwa sauti yake.

Lakini Bi Kanga alikuwa na ugonjwa wake. Ngoma. Akisikia ngoma, hajiwezi.

Ngoma za bonde lile walipiga vyura. Na manju wao, Chura mwenye koo pana, alikuwa mjanja huyo! Akimwona mtu ana kitu, anamtaja kwa jina ndani ya wimbo. Na desturi ya kule, ukitajwa, unainuka. Unakwenda mbele unacheza, unamtunza manju, unammwagia mtama miguuni, ti-ti-ti-ti! Watu wote wanakutazama. Vigelegele vinapigwa.

Basi siku moja ilikuwa harusi ya Korongo. Dum, dum, dum-tiki-dum. Bi Kanga kavaa shanga mpya, kakaa safu ya mbele. Chura akavimbisha koo:

"Bi Kanga weee, mwenye madoa ya nyota!
Bi Kanga weee, kwa kutoa hajajuta!"

Angekaaje? Akainuka. Akacheza. Akamwaga mtama, ti-ti-ti-ti! Akarudi kukaa. Chura akamtaja tena. Akainuka tena. Akamtaja tena. Akatia mkono kikapuni, hamna kitu. Mtupu. Na watu wanamtazama.

Mwenzenu akaona aibu. Akajifanya anakwenda kunywa maji, akapita nyuma ya kichuguu mbio hadi kwa Bwana Fuko.

Bwana Fuko alikaa chini ya ardhi. Alikuwa na ghala la mtama huko, na alikopesha. Mtu mpole, macho yake hayaoni vizuri, maneno yake ya taratibu.

"Hodi, Bwana Fuko!"

"Karibu, Bi Kanga. Sauti yako huwa inanifikia hata huku chini."

"Nikopeshe pishi moja. Haraka, ngoma inaendelea."

"Nitakupa. Unaweka nini rehani?"

"Mimi sina kitu."

"Unayo sauti," akasema Fuko.

Bi Kanga akacheka. "Sauti! Utaifanyia nini?"

"Huku chini ni kimya sana," akasema Fuko. "Haimbi mtu."

Akatoa kibuyu. "Imba humu." Bi Kanga akaweka mdomo kibuyuni. "Kwechekwe! Kwechek..." Pu! Fuko akaziba kwa gunzi la hindi. Sauti ikabaki ndani, inazunguka polepole, inaimba peke yake. Bi Kanga akabaki na mnong'ono tu.

Kisha Fuko akapanda punje moja ya mtama juu ya kifusi chake. Ikachipua palepale. "Hili ndilo deni lako," akasema. "Kila mwezi ukiandama, shina litarefuka kidogo. Ukilipa, litafupika. Siku litakaporudi ardhini lote, njoo uchukue kibuyu chako."

Mnamwona? Badala ya kushtuka, alirudi ngomani anakimbia. Kutunza hakuhitaji sauti, alijiambia. Akamwaga mtama wa watu. Vigelegele!

Baada ya harusi ya Korongo, ikaja harusi ya Kware. Akakopa. Ikaja harusi ya Kwarara. Akakopa. Kunguru mchuuzi akapita na shanga za buluu, Bi Kanga akanunua, maana shanga za harusi ya jana hazivaliwi harusi ya leo, watu watasema. Shina likapanda. Na msidhani alikuwa halipi! Alilipa. Akishamaliza shanga, akishamaliza ngoma, vile vipunje vilivyobaki anampelekea Fuko. Shina linainama kidogo. Mwezi unaandama, shina linainuka tena, limezidi pale lilipokuwa.

Akipita karibu na kile kifusi anasikia sauti yake chini ya ardhi, mbali, kama ya mtu anayeimba akiwa ndotoni. Anasimama anasikiliza. Halafu anaondoka haraka.

Baba Mwanakheri, umeamka? Haya.

Kisha vifaranga wa Bi Kanga wakaanguliwa. Wadogo, wa kahawia, wana milia mgongoni. Kitindamimba wao akaitwa Zeyana. Bi Kanga akawapenda mpaka akawa hapati usingizi. Akawa anawanong'oneza, "Njooni hapa. Laleni. Kuleni." Kwa kuwa walikuwa chini ya mbawa zake, mnong'ono ulitosha.

Lakini watoto wanakua. Watoto wanatembea. Siku moja mchana wakatawanyika majanini, huyu kule, huyu kule. Kivuli kikapita juu ya majani. Bi Kanga akatazama juu. Mwewe!

Akafungua mdomo. "Hhhh." Akajaribu tena. "Hhhh."

Vuuu! Mwewe akashuka, akamdaka Zeyana mgongoni. Na angekwenda naye, kweli angekwenda naye, ila shoga yake Bi Kanga, Bi Njiwa, alikuwa kichakani karibu. Akamrukia Mwewe usoni, papapapa! Mwewe akashtuka, akamwachia mtoto. Zeyana akaanguka majanini, manyoya yamenyonyoka.

"Mama," akasema, "mbona hukutuita?"

Bi Kanga akamkumbatia tu. Aliumia, jamani, msione hivi.

Akaenda kwa Fuko analia. "Nipe sauti yangu! Wanangu wataliwa!"

"Niambie shina limefika wapi," Fuko akasema. "Mimi sioni."

Bi Kanga akatazama. Shina lilikuwa limempita kichwa. Akarudi nyumbani.

Sasa, huyu Bi Njiwa bonde zima lilikuwa likimcheka. Bahili! Tundu lake vijiti vichache tu, ukisimama chini unaliona yai. Hakuwahi kuinuka ngomani hata siku moja. Lakini hakuwa akidaiwa na mtu, na alilala usingizi mzuri.

"Shoga," akamwambia Bi Kanga, "nikuulize, usiudhike. Jana uliokota mtama kiasi gani?"

"Hata sijui."

"Uko wapi huo mtama?"

"Umekwisha."

"Umekwishaje?"

"Umekwisha tu, shoga! Si unajua vitu vinavyokwisha!"

"Mimi sijui," Njiwa akasema. "Twende ukanionyeshe."

Wakafuatana kutwa nzima, taratibu, ndani ya ukungu. Bi Kanga akaokota mtama mashambani kwa watu waliokwisha kuvuna, kama kila siku. Akaokota mwingi! Mwenyewe akashangaa. Kisha Kunguru akapita na shanga za kijani, kiasi kikaenda. Wakapita kwa vyura waliokuwa wanajifunza nyimbo tu, hata ngoma haikuwapo, Chura akasema "Bi Kanga weee," kiasi kikaenda. Kufika nyumbani, mkononi vipunje vya kuhesabika. Bi Kanga akavitazama. Akakaa chini.

"Naupeleka mwenyewe," akanong'ona. "Kwa miguu yangu."

"Ndiyo, shoga," akasema Njiwa.

Kesho yake wakatafuta jiwe bapa. Ikawa sheria: kila punje aliyoiokota lazima ipite kwanza juu ya jiwe lile. Akaweka fungu la watoto. Akaweka fungu la Fuko. Akaweka fungu dogo la siku ya mvua, siku ambayo mtu haokoti.

"Na ngoma?" akanong'ona Bi Kanga.

"Ngoma ya nini?"

Bi Kanga akaangua kilio. Kilio cha mnong'ono, hhh, hhh, hhh. Njiwa akamwonea huruma.

"Haya, basi. Punje moja. Moja, shoga! Nisisikie habari ya punje ya pili."

Na fungu la Fuko lilikuwa linakwenda asubuhi, kabla Kunguru hajaamka. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote, maana amezoea Fuko kuwa wa mwisho. Akawa anampelekea kwanza, halafu ndipo siku inaanza. Njia ya kwa Kunguru akaiacha, akawa anazunguka bwawani, mbali, na miguu inauma. Shanga zake akamrudishia Kunguru, kamba moja baada ya nyingine, kwa bei ya kumtia mtu hasira. Mtama wote kwa Fuko. Na watoto hawakutoka tena chini ya mbawa zake; akitoka, alimwachia Bi Njiwa. Walilalamika. Akawabana hivyo hivyo.

Siku za kwanza shina halikuonyesha kitu. Mwezi ukaandama. Shina likainuka kidogo, lakini halikufika pale lilipokuwa mwezi uliopita. Bi Kanga akapima kwa bawa. Akapima tena. Kweli! Alicheza palepale kwenye kifusi, peke yake, hakuna ngoma wala nini.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa Mbuni. Harusi kubwa hiyo. Dum, dum, dum-tiki-dum! Bi Kanga kakaa safu ya nyuma, shingo tupu. Chura akamwona.

"Bi Kanga weee, mwenye madoa ya nyota!"

Bi Kanga hakuinuka. Watu wakageuka.

"Bi Kanga weee, kwa kutoa hajajuta!"

Miguu ikaanza kumchezacheza. Akaibana. Macho yote kwake. Akainuka. Akaenda mbele anacheza, polepole, kwa madaha. Akafika kwa manju. Akanyoosha mkono. Akadondosha punje moja.

Ti.

"Punje moja!" akapayuka Kunguru. "Jamani, punje moja!" Wakacheka! Wakashikana mbavu. Chura akaitazama ile punje kana kwamba imemtukana. Bi Kanga akatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Basi akarudi kukaa, akaangalia ngoma mpaka mwisho, na kwa kweli ngoma ilikuwa nzuri. Kesho yake akatoka kichwa chini, anangoja maneno. Watu walikuwa wanazungumzia Mbuni alivyoteleza akaanguka mbele ya wakwe. Habari ya Bi Kanga hakuikumbuka mtu.

Mvua zikaja, hakuna kuokota. Wakala lile fungu la siku ya mvua, kidogokidogo, na Bi Kanga hakupita kwa Fuko kukopa. Mvua zikakatika. Akaokota tena, akagawa tena, akapeleka tena. Shina likawa la magoti. Likawa la kidole. Asubuhi moja akapeleka fungu lake, akatazama juu ya kifusi. Udongo mtupu.

Fuko akapanda juu na kibuyu, kakikumbatia. "Nyumba yangu itakuwa kimya," akasema. Lakini ahadi ni ahadi. Akatoa gunzi. Pu!

Bi Kanga akahisi kitu cha moto kinashuka kooni. Akakimbia nyumbani, moyo umejaa, hawezi kungoja. Akasimama juu ya jiwe, akaita wanawe kwa sauti yake yote:

"Kwechekwe! Kwechekwe!"

Vifaranga wakatimua mbio. Wote! Wakaingia kwenye miiba, wakajibana humo wanatetemeka.

"Kwechekwe!" akaita tena. Wakazidi kuingia ndani.

Bi Kanga akashuka. Akaenda mpaka pale kwenye miiba, akainama, akanong'ona, "Ni mimi, wanangu."

Zeyana akachungulia. "Mama! Ingia upesi ujifiche! Kuna kitu kinapiga kelele huko nje."

"Ni mimi niliyeita, mwanangu."

"Siyo wewe," akasema Zeyana. "Mama yetu hana sauti."

Bi Kanga akakaa pale chini kwenye umande. Alikuwa amemaliza kumlipa Fuko, hadaiwi hata punje. Akalia kidogo, akapangusa macho. Kisha akaanza kuimba kwa mnong'ono ule waliouzoea. Akaupandisha kidogo. Akaona Zeyana ametega sikio. Akaupandisha kidogo tena. Ukungu ulipita, jua likapita, yeye anaimba tu. Jioni sauti ilipokuwa imetoka yote, Zeyana alikuwa amelala chini ya bawa lake, na wenzake wanatoka miibani mmojammoja.

Ndiyo hivyo. Mafunzo yake siyafichi: anayetaka kumaliza deni ajue kwanza chake kinakwenda wapi, agawe kabla ya kutumia, amlipe anayemdai kabla ya kumpendeza anayemsifu. Na afanye mapema, kwa sababu mkopeshaji humrudishia mtu rehani yake, lakini siku alizokaa bila rehani hiyo hamrudishii.

Baba Mwanakheri, mbona unainamisha kichwa? Sijakutaja jina ngomani mimi.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipoishia. Aliyesikia akalale nayo.