Chini ya Gari la Kaka

Wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, bila shaka walikuwa wakifikiria uvungu wa kitanda. Maana yake iko wazi: anayetaka kitu kilicho mahali pa chini hana budi kujishusha akifuate. Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Pasi, aliijua methali hiyo tangu utotoni. Lakini kuijua ni jambo moja na kuinama ni jingine.

Jina hilo hakupewa bure. Suruali zake zilikuwa na mkunjo wa kukata mboga, na hata alipodondosha sindano alimwita mkewe aiokote. Marehemu kaka yake, aliyekuwa fundi mitambo, alimwachia gari la mbio, jekundu, la viti viwili. Bwana Pasi alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama mlangoni mwake. Chini yake hakuwahi kuchungulia.

Basi gari likaanza kulalamika. Kila lilipokata kona, nyuma kulitoka mlio mzito wa kukwaruza. Mama yao, mwenye kauli ya mwisho nyumbani na ambaye zamani alitembezwa na mwanawe mkubwa katika gari hilohilo, hakuustahimili.

"Gari la mwanangu linalia kama limefiwa," alisema. "Mtu anayelitaka anakuja jioni. Ukilinyamazisha kabla hajafika, litabaki. Ukishindwa, alichukue. Mimi kilio nimekichoka."

Bwana Pasi hakutaka liondoke. Kabla ya kufariki, kaka yake alimshika mkono kitandani hospitalini akamwomba asiliuze gari lile, naye akakubali. Gereji zilikuwa zimefungwa siku hiyo, hivyo akampigia simu fundi mmoja na kumsikilizisha ule mlio. Fundi akamwambia oili ya difu, yaani lile sanduku la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, imechoka na ibadilishwe. Alianza kumweleza utaratibu, lakini Bwana Pasi alishukuru na kukata simu. Oili si oili tu?

Katika karakana ya marehemu ilibaki oili mpya ya difu, pamoja na pampu yake ya mkono. Akaliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi nne, akatandika gazeti na kuchuchumaa kandokando. Mkewe akamletea beseni.

"Baba watoto, si ulale chini uone unachoshika?"

"Mtu mzima halali chini kama nyoka," akajibu.

Akapenyeza mkono, akakipata kizibo cha chini, akakifungua. Oili nyeusi yenye harufu kali ikamiminika ndani ya beseni, naye akatabasamu kama aliyemaliza kazi. Kumbe alikuwa ameanzia mwisho. Mafundi hufungua kwanza kizibo cha juu, cha kujazia, kwa sababu ukishamwaga ya zamani na hicho kikagoma, gari halina oili na haliwezi kwenda popote. Bwana Pasi alipapasa juu, spana ikanasa nati, akavuta. Ikateleza. Akavuta tena na tena mpaka pembe za nati zikaanza kulika, na jua nalo likawa linashuka.

Mama yake alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake barazani. "Kaka yako nilikuwa nikizungumza na miguu yake tu," alisema. "Mwili wote ulikuwa huko chini. Wewe unamtibu mgonjwa kwa kumpapasa gauni?"

Maneno yalimchoma. Bwana Pasi aliitazama suruali yake, akaitazama barabara ambako mnunuzi angetokea, kisha akalala chali na kujisukuma hadi chini ya gari na tochi yake.

Huko ambako mgeni asingewahi kutazama, kila kitu kilikuwa safi na kimenyooka. Mabomba yalifungwa kwa mpangilio, maungio yalipakwa rangi, kutu haikuwepo. Uvungu huo ulikuwa kama bitana ya koti lililoshonwa na bingwa asiyejali kama kuna atakayelifumua. Nati aliyokuwa akipigana nayo ilikuwa ya kufungia mfuniko wa difu tu. Kizibo chenyewe kilijificha juu yake, chenye tundu la pembe nne katikati, na kando yake kulikuwa na mshale wa rangi nyeupe uliochorwa kwa kidole. Mwishoni mwa mshale palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana.

"Kaka," alinong'ona. Akaweka dole gumba lake juu ya lile la kaka yake, na machozi yakamtiririkia masikioni.

Akachomeka spana yenye ncha ya mraba katika lile tundu, na kizibo kikafunguka kwa mvuto mmoja. Akamulika ndani, akayaona meno makubwa ya gia yaking'aa, yaliyobeba safari zote za familia ile bila kushukuriwa na mtu. Akafunga cha chini, akapampu oili mpya mpaka ikaanza kutiririka tunduni, dalili kwamba imejaa, kisha akafunga cha juu.

Alipolishusha gari, mnunuzi alikuwa amesimama getini. Bwana Pasi alimpandisha mama yake kwanza, akaondoka. Kona ya kwanza ilipita kimya, ya pili vilevile. Injini peke yake ndiyo iliyosikika, ikiimba. Mama alifumba macho.

"Zunguka tena," alisema. Walipozunguka akasema, "Ndivyo alivyokuwa akiliendesha."

Waliporudi, mama alishusha kioo na kumwambia mnunuzi kwa upole, "Utusamehe, mwanangu, umesumbuka bure. Gari haliuzwi."

Bwana Pasi aliteremka, mgongo wote umelowa oili, mkunjo wa suruali umepotea, wala hakuomba kitambaa. Alichokuwa karibu kukipoteza alikikuta chini kabisa, baada ya kulala mavumbini. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.