Chenga Kwenye Mkanda wa Harusi

Wapendwa, twendeni Tukuyu, nyumbani kwa mama mmoja aliyeuamini mkanda wa video kuliko mtu. Tumwite Mama Anyisile.

Mama huyu alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, jina lake Tusekile. Miaka kumi na sita hawakukanyagiana kizingiti. Kisa nini? Siku ya harusi ya mama huyu, Tusekile hakuonekana meza kuu wala kwenye kutoa zawadi. Mtu akamnong'oneza bibi harusi, "Wifi yako amesusa."

Harusi ilipopita, Tusekile alikuja mwenyewe kueleza: mpishi aliugua asubuhi ile, naye akavua sare, akaingia jikoni. Mama Anyisile akamjibu, "Mkanda ninao. Nimeuangalia mwanzo mpaka mwisho, wewe humo." Baadaye Tusekile akafiwa na mume, na Mama Anyisile akatuma rambirambi kwa mkono wa jirani. Mnaona jambo lilikofika?

Sasa mume wa Mama Anyisile akanunua televisheni pana, ile ya kujaza ukuta, na spika za kutikisa madirisha. Akaweka ule mkanda. Loo! Picha ikawa kama uji wenye mabonge, maana kioo kikubwa hata ubovu hukuza. Wakamwita fundi, akaja na kisanduku cha kusafisha picha, akakiunga kati ya deki na televisheni.

"Fundi, hicho kinaongeza nini?" mama akauliza.

"Hakiongezi kitu, mama. Kamera ilishaona. Hiki kinapunguza chenga na kuangaza penye giza, basi."

Saa kumi jioni, chai mezani, wakakaa kutazama. Maharusi wakapita, kwaya ikapita. Ikafika pale nyuma ya turubai, ambapo siku zote palionekana wingu jeusi. Kumbe ulikuwa moshi! Na ndani ya moshi alisimama mwanamke, mtoto mgongoni, mwiko mkononi, anafuta jasho kwa upindo wa khanga. Alipomwona bibi harusi anapita, aliinua mwiko juu akapiga vigelegele, peke yake.

"Simamisha!" Mama Anyisile akapaza sauti. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akakaa sakafuni. Mumewe hakumsimanga. 

Kesho yake asubuhi alikuwa Kiwira, mlangoni kwa Tusekile, anahema. "Wifi, nimekuona! Nimekuona kwenye mkanda, kweli ulikuwepo!" Alitazamia kukumbatiwa.

Tusekile akamwambia, "Wifi, mimi nilikuja kwako kwa miguu yangu, nikakueleza kwa mdomo wangu. Hukuniamini. Leo mashine imesema, ndipo umeamini?"

Wewe ungejibu nini?

 Yule mama akapiga magoti pale pale kwenye tope. "Sina jibu, wifi. Naomba unisamehe. Na pole ya mumeo, ambayo sikuja kukupa."

Tusekile aliposikia hiyo pole, machozi yakamtoka. Akainama, akamshika mkono, akamwinua. "Ingia ndani," akasema.

Tusimcheke mama wa watu. Sisi nasi tuna mikanda yetu vichwani, tunairudia kila siku: fulani hakuja, fulani hakunisaidia, fulani hanipendi. Lakini jiulize, siku ile kamera ilikuwa inamfuata nani? Ilimfuata bibi harusi! Mkanda wako unakuonyesha wewe tangu asubuhi mpaka jioni, halafu unashangaa wenzako hawamo?

Mungu wetu hasubiri fundi ndipo awaone walio kwenye moshi. Anawaona, anawajua kwa majina. Nasi ametupa njia iliyo rahisi kuliko mashine yoyote: kulipokea neno la ndugu anapokuambia ukweli. Yupo mtu alikueleza, nawe ukamdai ushahidi. Pengine ameketi safu mbili nyuma yako sasa hivi. Sala ya mwisho ikiisha, usikimbilie geti. Geuka, umtafute, umshike mkono, umwambie: nakuamini.