Ndoo ya Kwanza ya Mtakuja

Jamani, tegeni masikio, na mwenye wivu asogee mbele, maana hii ni yake.

Kata ya Mtakuja walikuwapo wanawake watatu. Kidawa alijaliwa mdomo. Akisema, hata mbishi anaitikia. Sikudhani, mke mwenzake, alijaliwa nguvu. Mwanahawa, jirani yao, alijaliwa msimamo. Akishasema hapana, ni hapana.

Uchaguzi ukafika. Bi Tunu akagombea udiwani, akaahidi maji ya bomba, tena akasema wazi kwamba bomba litapita sokoni. Kidawa akazunguka nyumba kwa nyumba siku kumi na mbili mpaka sauti ikamkauka, akawatoa ndani wanawake arobaini walioapa hawapigi kura tena.

Sikudhani akambeba mgongoni Bibi Nyamvula, ajuza asiyeweza kutembea, kutoka bondeni hadi kituoni. Walifika mlango unataka kufungwa.

Na Mwanahawa? Mpinzani wa Bi Tunu alikuwa kaka yake wa tumbo moja! Akamwambia usoni, "Kaka, nakupenda, ila kura yangu nampa mwenye maji." Mpaka leo kaka haitikii salamu yake.

Bi Tunu akashinda kwa kura moja. Moja tu!

Maji yakaja. Sasa, desturi ya Mtakuja ni hii: aliyeleta maji hukinga ndoo ya kwanza, huvishwa kanga mpya, na tangu hapo kila mwenye lalamiko kuhusu maji hayo humwendea yeye. Kidawa aliitaka ndoo ile kuliko chakula. Miaka tisa kila sifa ya nyumba yao inakwenda kwa Sikudhani: Sikudhani mchapakazi, Sikudhani mpishi. Roho ilimuuma, tena ilimuuma kweli.

"Mgongo hata punda anao!" akasema mbele ya watu. "Mimi nimeleta kura arobaini."

"Bila ya Bibi Nyamvula ilikuwa sare, dada," akajibu Sikudhani.

"Na bila yangu," akasema Mwanahawa, "leo diwani ni kaka."

Kidawa hakungoja. Akainyakua ndoo, akaitega chini ya bomba.

Papo hapo akatokea Bi Sauda, muuza vitumbua. "Bomba hili limevunja kibanda changu cha sokoni, na sijafidiwa hata ubao. Wanangu wale nini? Mwenye ndoo anijibu!"

"Siku ya kura ulikuwa wapi?" Kidawa akafoka.

"Nilikuwa napika. Foleni nzima mlikula vitumbua vyangu, na wewe ukiwamo."

Kidawa akatamani kuiachia ndoo. Lakini Sikudhani alikwisha kunyoosha mkono kuipokea, pamoja na lawama zake. Loo! Wivu ukamrudia Kidawa, vidole vikagoma kuachia.

Haya, wenzangu. Yuko aliyeshawishi, yuko aliyebeba, yuko aliyemnyima kaka yake, na yuko Bi Sauda mwenyewe, aliyebaki kwenye karai. Je, wewe ungempa nani ndoo, na nani ungemtaka amjibu Bi Sauda?