Godoro la Sufi Juu ya Godoro la Hewa

Hii nimeletewa na wifi yangu wa Muheza, nami naipitisha kwenu. Mwenye mgonjwa wa kitandani asome mpaka mwisho. Asiye naye asome pia, kesho hatuijui.

Zamani, kabla magodoro ya sponji hayajaenea, Muheza palikuwa na fundi wa magodoro ya sufi, Mzee Shekalaghe. Jamani, msimu wa sufi ulikuwa na raha yake! Ua wake wote ulikuwa mweupe, watoto wakikimbiza sufi iliyopeperuka, naye ameketi na shazia, ile sindano ndefu, akishona huku akitania wapita njia. Binti akiolewa bila godoro la Shekalaghe, watu walinong'ona.

Kila mteja alipewa agizo lile lile: "Ligeuze kila siku. Sufi ikilaliwa upande mmoja inashikana."

La mkewe, Bi Hidaya, alilishona wiki ya harusi yao, na hakuwahi kushona zuri kama lile.

Miaka ikaenda. Mzee akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi na ulimi ukawa mzito. Binti yao, Mwantumu, akaleta godoro la hewa kutoka mjini, lile lenye mashine ndogo inayonguruma, mirija yake ikijaa na kupungua kwa zamu ili mwili usigandamizwe mahali pamoja.

"Mama, hili litamkinga baba na vidonda," alisema.

Bi Hidaya akalitazama. Plastiki! Fundi mzima alazwe juu ya plastiki kama samaki wa sokoni? Mwantumu alipoondoka tu, mama akatandika godoro la harusi juu ya lile la hewa. Mashine ikawa inanguruma huko chini. Na kwa kuwa aliisikia inafanya kazi, akaacha hata kumgeuza mgonjwa.

Wiki ya tatu alikuja nesi Foibe wa zahanati kumsaidia kumwosha mzee. Alipomlaza ubavu akainama kutazama. Ngozi ya juu ya makalio ilikuwa nyekundu, imeanza kufunguka.

"Mama, kidonda hiki kikiingia ndani kitamuua. Amelalia nini?" Akapitisha mkono chini ya shuka. "Mungu wangu! Hewa yote inaishia kwenye godoro hili, mgonjwa hapati kitu. Hili la sufi litoke leo. Na hata akilala kwenye la hewa, lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili."

Bi Hidaya akaangua kilio. "Alinishonea kwa mkono wake, mwanangu. Nikilitoa ataona nimemtupa."

Mzee akakohoa. Maneno yakamtoka moja moja.

"Mama Mwantumu. Godoro hilo ulikuwa unalifanyaje kila asubuhi?"

"Nalianika, Baba Mwantumu. Nalipiga fimbo. Nali..."

"Umeligeuza miaka arobaini na miwili," mzee akasema. "Sasa nigeuze mimi."

Godoro lilifumuliwa siku ile ile. Bi Hidaya akatafuta shazia kwenye kopo la zamani, akashona mito midogo ya sufi: mmoja wa kuweka katikati ya magoti, miwili ya chini ya vigimbi ili visigino visiguse kitanda. Mzee alimwelekeza kwa macho na kuucheka mshono wake uliopinda. Wifi anasema nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu kiharusi.

Kidonda kilifunga taratibu. Mzee aliishi miaka mitatu zaidi, na alipoondoka, ngozi yake ilikuwa nzima.

Mito ile ipo mpaka leo. Jirani akiuguliwa huja kuiazima, na Bi Hidaya humpa na agizo: "Mgeuze."

Funzo: Mgonjwa mhudumie kwa anachohitaji leo, si kwa unavyomkumbuka alivyokuwa jana, na kifaa kiwe kizuri vipi, mkono wako bado una kazi.